MADINI NI AMANA: HAKI AU SADAKA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeiumba ardhi na akatia ndani yake riziki za viumbe wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, katika darasa letu la hapa Muthangari, tunalokutana baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tukisoma mlango wa zaka ya madini. Tulipofika mahali wanazuoni wanapokhitalifiana juu ya mwenye mgodi na haki inayotolewa humo, alisimama kijana mmoja mtu wa Msambweni, ambaye jamaa zake walihamishwa kwenye mashamba yao ili pachimbwe mchanga. Akasema: "Sheikh, mgodi umekwisha fungwa. Minazi ya babu zetu haipo, na kazi nazo hazipo. Tulijengewa skuli na zahanati. Je, tulichopewa kilikuwa sadaka au haki? Na ikiwa ni haki, basi hesabu yake ataulizwa nani?"

Kabla hatujajibu, mzee mmoja katika waliohudhuria alisema: "Mwanangu, mshukuru Mungu. Mmejengewa, mwataka nini tena?" Na mwengine akaongeza kuuliza: je, kodi inayotozwa faida ya wachimbaji si katika maksi iliyolaumiwa na Mtume (S.A.W.)?

Tuliahidi kuyajibu maswali haya kwa maandishi, kwa kuwa si maswali ya kijana mmoja. Ni maswali ya watu wa Pwani wote, wa Lamu mpaka Vanga, na ya kila mahali palipo na kitu chini ya ardhi.

KISA CHA KWALE

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Upande wa Msambweni, pahala paitwapo Maumba na Nguluku, mna vilima vya mchanga ambao ndani yake mna madini ya rutaili, ilmenaiti na zikoni. Hayo hutumiwa kufanyia rangi nyeupe, vigae, na mambo mengi ya viwandani. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ndiyo iliyotangulia kuyatafuta katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2004 ikapewa hati maalumu ya kuchimba, chini ya sheria ya zamani ya madini iliyotungwa mwaka wa 1940, zama za ukoloni. Wenye mashamba walihamishwa, na mabishano ya fidia yakafika mahakamani. Mwaka wa 2010 mradi ulinunuliwa na kampuni ya Base Resources ya Australia. Uchimbaji ukaanza mwaka wa 2013, na meli ya kwanza ikapakia Likoni mwanzoni mwa mwaka wa 2014. Mgodi huo ukawa mkubwa kuliko yote ya Kenya. Mwezi wa Disemba mwaka wa 2024 uchimbaji ukasimama, maana mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha.

Umri wake, basi, ulikuwa miaka kumi na mmoja. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuanza mgodi hajabaleghe, na mali iliyokuwako chini ya miguu yake tangu kuumbwa dunia imekwisha safiri. Hili ndilo jambo la kwanza la kulizingatia. Shamba la minazi huangusha nazi mwaka baada ya mwaka, akifa baba huokota mwana. Mgodi huvunwa mara moja tu. Kinachochukuliwa leo hakirudi milele.

NANI MWENYE MADINI?

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi ya kuwa Abyadh bin Hammal alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba ampe mgodi wa chumvi ulioko Maarib katika Yaman, naye akampa. Alipogeuka kwenda zake, mmoja katika waliohudhuria akamweleza Mtume ya kwamba alichompa ni mfano wa maji yasiyokatika, ambayo kila ajaye huteka. Hapo Mtume (S.A.W.) akakirejesha kitu kile.

Tazameni, ndugu zetu, mafunzo yaliyomo humu. Mtume alikubali kwa khabari aliyokuwa nayo, na khabari ilipotimia, akarejea. Hapana aibu kwa mwenye mamlaka kurejea katika mkataba aliofunga bila ya kujua thamani ya kilichomo. Aibu ni kujua, kisha kunyamaza. Tena, aliyesema hakuwa mwenye cheo cha kutoa amri. Alikuwa mtu katika watu, lakini alijua, na kwa kuwa alijua akasema. Laiti angalinyamaza kwa haya, chumvi ya watu wote ingalikuwa ya mtu mmoja.

Wanazuoni wetu wakajengea juu ya hadithi hii. Imamu Nawawi katika Minhaji ameyagawa madini mafungu mawili: yaliyo dhahiri, kama chumvi, ambayo hayamilikiwi na mtu wala hagawiwi mtu, na yaliyofichika, kama dhahabu na chuma, yasiyotoka ila kwa kazi. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba hata hayo yaliyofichika, katika ardhi isiyo na mwenyewe, hayawi milki ya mtu kwa sababu tu amechimba. Ama aliyehuisha ardhi kisha ukadhihiri ndani yake mgodi uliofichika, huyo kwa madhehebu ya Shafi ni wake. Wafuasi wa Imamu Malik, kwa kauli yao mashuhuri, wasema mgodi wote ni wa Imamu, yaani dola, ausimamie kwa maslahi ya Waislamu, hata ukipatikana katika ardhi ya mtu. Sababu waliyoitaja ni kuwa ukiachiwa kila mwenye kuukuta, utaleta fitina na watu kuuana.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekaribiana na kauli hii ya pili. Kifungu cha 62 kimeyahisabu madini yote kuwa katika ardhi ya umma, na kikasema kuwa Serikali ya taifa huyashika kwa amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Litazameni neno hilo: amana. Mwenye kushika amana si mwenye mali. Aliyewekewa amana hana ruhusa kuiuza kwa thamani ndogo, wala kuipa jamaa zake, wala kukasirika anapoulizwa hesabu. Na aliyeweka amana haombi sadaka anapokuja kuitaka, adai chake.

Na mtu wa Msambweni aliyekuwa na shamba lake la kurithi, hata tukiifuata kauli ya kuwa mgodi ni wa dola, ardhi yake na miti yake na makaburi ya wazee wake hayakuwa ya dola. Fidia yake kamili ni deni mbali, na fungu lake katika madini ni haki mbali. Moja halilipi la pili.

JE, KODI YA MADINI NI MAKSI?

Zimepokewa hadithi kali za kumlaumu mtozaji wa maksi, naye ni yule aliyekuwa akikaa njiani na sokoni akiwachukulia wafanya biashara mali zao bila ya haki. Kwa sababu hii baadhi ya watu wetu huogopa neno kodi, wakadhani kila kodi ni dhuluma.

Jawabu ni kuwa maksi ni kuchukua mali ya mtu pasipo haki, na madini, kama tulivyoeleza, asili yake si mali ya mchimbaji. Anapotozwa mrabaha, halazimishwi kutoa chake. Alipa thamani ya kitu alichouziwa. Ni mamoja na mwenye duka kulipa bei ya bidhaa kwa aliyemuuzia. Hapana amwitaye muuzaji kuwa mtoza maksi.

Ama kodi ya faida, hiyo ni mlango mwengine. Maimamu Ghazali na Shatibi wameruhusu mtawala kuwatoza wenye uwezo pindi khazina isipotosha mahitaji ya umma, lakini wameweka masharti: haja iwe ya kweli, mtawala awe mwadilifu, na kinachokusanywa kitumiwe kwa maslahi ya watu. Tena imesimuliwa ya kuwa Sultani Baybars alipotaka fetwa ya kuwatoza raia kwa ajili ya vita, Imamu Nawawi alikataa kumtilia sahihi mpaka kwanza atoe dhahabu na mapambo yaliyokuwa kwa watumishi wa nyumba yake. Hili twalitaja ili ieleweke kuwa sheria haimwambii raia au mchimbaji "lipa" bila ya kumwambia mtawala "hesabu". Amri ni mbili, na ya pili ndiyo nzito.

NJIA TATU ZA KUCHUKUA HAKI

Wengi katika sisi husikia maneno ya mrabaha, kodi ya faida, na hisa, wakayachanganya. Nasi twataka kuyaeleza kwa mfano wa nyumbani.

Una shamba la minazi, na huwezi kukwea. Akaja mkwezi mwenye kamba na panga zake. Waweza kumwambia: "Katika kila nazi mia utakazoangusha, nipe tano kwanza, ukipata faida usipate." Huo ndio mrabaha, hutolewa katika thamani ya kilichochimbwa, kabla ya kutazamwa gharama. Waweza kumwambia: "Uza, toa gharama zako, kisha faida iliyobaki nipe theluthi." Hiyo ndiyo kodi ya faida. Au waweza kumwambia: "Tuwe washirika, nami nina sehemu yangu katika kazi yote." Hiyo ndiyo hisa.

Kila njia ina wema wake na hila yake. Mrabaha una yakini, kwa sababu nazi huhesabiwa chini ya mnazi. Lakini bei ikipanda mara tatu, mwenye shamba hana ziada kubwa. Kodi ya faida hupanda pamoja na bei, lakini hapo ndipo zinapoingia hila. Mkwezi mwenye khiana atamuuzia ndugu yake nazi zote kwa nusu ya bei, na ndugu yake aziuze Mombasa kwa bei kamili. Ataikodi kamba kwa mkewe kwa ujira wa kutisha. Atakopa kwa ami yake kwa riba nzito, aseme riba hiyo ni gharama. Kisha atakuja kwako mikono mitupu: "Mwaka huu sikupata faida." Na wewe ulikuwa ukiwaona punda wakipita na shehena asubuhi na jioni!

Hivi ndivyo yafanywavyo katika dunia ya migodi na baadhi ya makampuni yenye matawi katika nchi nyingi: tawi la huku huuzia tawi la kule kwa bei ndogo, tawi la kule hulitoza tawi la huku ujira wa ushauri na riba ya mikopo, na faida hudhihiri katika nchi isiyotoza kodi. Hatumtuhumu yeyote kwa jina. Twasema tu kwamba mwenye shamba asiyesimama kwenye mizani hana haki ya kushangaa. Mwenyezi Mungu amewaahidi maangamizo wapunjao vipimo katika sura ya Mutaffifina, na amewasimulia watu wa Madyan na Nabii wao Shuaibu, ambao dhambi yao iliyotajwa pamoja na ushirikina ni mizani.

Turejee Kwale. Hati ya mwanzo ilitaja mrabaha wa 2.5 katika mia. Mwaka wa 2013 Serikali ilitangaza viwango vipya vilivyo juu zaidi, na mabishano juu ya kiwango yakachukua miaka. Wako waliosema: "Mbili na nusu katika mia ndicho kiwango cha zaka, basi chatosha." Haya ni makosa makubwa. Zaka ni sehemu anayoitoa mwenye mali katika mali yake. Hapa mwenye mali ni watu, na mchimbaji ndiye mnunuzi. Je, ni nani katika nyinyi angeuza nazi mia akakubali thamani ya mbili na nusu? Na wanazuoni wa Kihanafi wamewajibisha khumusi, yaani 20 katika mia, hata kwa mchimbaji aliyejipatia mwenyewe.

Jirani zetu wa Tanganyika walijifunza kwa taabu. Mwezi wa Machi mwaka wa 2017 Tanzania ilizuia makontena ya mchanga wa dhahabu, uitwao makinikia, yasisafirishwe nje. Kamati mbili zikaundwa kuupima, zikaja na hesabu kubwa mno, na kampuni ikakanusha. Mwaka huo huo zikatungwa sheria mpya: mrabaha wa dhahabu ukapandishwa toka 4 hadi 6 katika mia, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua 16 katika mia bila ya malipo. Mabishano yakamalizika kwa mapatano na kampuni ya Barrick, yaliyotiwa sahihi mwezi wa Januari mwaka wa 2020. Ikaundwa kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na 16 katika mia, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 300. Wako wanaoona Serikali ilitumia ukali kupita kiasi, na wako wanaoona ilikubali kidogo. Lakini hapana akanushaye kwamba kabla ya kusimama kwenye mizani, haya hayakuwa.

Nasi hatusemi mchimbaji anyimwe chake. Ametoa mali yake na ujuzi wake, na yaweza kuwa angechimba asikute kitu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa sura ya Maida tutimize mikataba. Haki ni kufunga mkataba mwema tangu mwanzo, ulio wazi, kisha kuutimiza, kila upande. Nchi ya Norway hutoza faida ya mafuta 78 katika mia, na makampuni hayajakimbia, kwa sababu gharama za kweli hutolewa kwanza na sheria yajulikana na kila mtu.

KUGAWANYA KILICHOPATIKANA

Kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kugawanya. Mwenyezi Mungu katika sura ya Hashri, aya ya 7, ameeleza sababu ya kugawanywa mali ya fai kwa mayatima na masikini na wasafiri: isiwe mali ni kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka wa 2016 imeugawa mrabaha hivi: 70 katika mia ni ya Serikali ya taifa, 20 ni ya kaunti, na 10 ni ya jamii ya pale panapochimbwa. Na sheria imefasiri jamii kuwa ni watu wanaokaa kandokando ya mgodi, au wale wanaohamishwa kwa ajili yake. Katika mafuta, Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 imetoa 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii.

Mgawanyo huu una hekima yake. Taifa lina haki, maana madini hayakuumbwa kwa ajili ya kijiji kimoja, na yako majimbo ambayo Mungu hakuyatilia kitu chini ya ardhi. Kaunti ina haki, kwa njia zilizoharibika na maji yaliyotumika. Na wenyeji wana haki kuliko wote ya kutosahauliwa, maana vumbi na shimo na kuhama vimewashukia wao.

Hapa ndipo lilipo jawabu la kijana wetu. Skuli na zahanati zilizojengwa na kampuni ni kheri, na aliyezijenga twamshukuru, maana asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Lakini kheri hizo si lile fungu la 10. Fungu hilo halitoki mfukoni mwa kampuni kwa hisani, wala mfukoni mwa mkubwa yeyote kwa ukarimu. Ni sehemu ya mrabaha uliokwisha lipwa katika khazina. Sheria ilipitishwa mwaka wa 2016, na miaka ikapita huku wenyeji wa Kwale wakilalamika kwamba fungu lao haliwafikii kwa kukosekana kanuni na utaratibu wa kuligawa. Deni halifutwi kwa kukosekana daftari! Mwenye kudaiwa ndiye apaswaye kununua daftari.

Na sisi tulioko Muthangari tusijifanye wageni katika hesabu hii. Wengi wetu ni watu wa Pwani tuliokuja Nairobi kutafuta riziki. Khazina ambamo huingia lile fungu la 70 iko hapa mjini, na hapa ndipo panapokatwa mambo. Lami tunayoikanyaga kwenda msikitini na taa zinazotuangazia usiku zina sehemu katika khazina hiyo hiyo. Basi sisi pia tumekula. Ni wajibu wetu, tulio karibu na mlango, kuuliza kwa niaba ya walio mbali, kabla hawajatuuliza wao mbele ya Mwenyezi Mungu.

HAKI YA WATAKAOZALIWA

Iko sehemu ambayo haina mtu wa kuidai, nayo ni ya wasiozaliwa bado. Wakati wa ukhalifa wa Seyyidna Umar (R.A.), ilipofunguliwa ardhi ya Iraq, baadhi ya Masahaba wakubwa walitaka igawanywe kwa wapiganaji. Umar alikataa. Akaiacha ardhi mikononi mwa wakulima wake na akaiwekea kharaji iingie katika Baitul Mali kila mwaka. Hoja yake ilikuwa ni aya za hiyo hiyo sura ya Hashri, ambazo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari zimewataja wajao baada yao. Akaona lau angaligawanya yote, wajao wasingalikuta kitu.

Ikiwa hivyo ndivyo katika ardhi isiyokwisha, itakuwaje katika mgodi unaokwisha kwa miaka kumi na mmoja?

Watu wa Norway walipata mafuta mwaka wa 1969. Mwaka wa 1990 wakatunga sheria ya kuweka akiba, na mwaka wa 1996 wakatia fedha za kwanza. Kanuni yao ni kuwa matumizi ya kila mwaka yasipite kiasi cha faida ya akiba, yaani 3 katika mia, na mtaji ubakie. Kisiwa cha Nauru katika bahari ya Pasifiki kilipata uhuru mwaka wa 1968, na kwa fosfeti yake kikawa katika nchi tajiri kabisa za dunia kwa hesabu ya kila kichwa. Nacho kiliweka akiba, lakini wasimamizi wakaitapanya katika majumba na biashara za nchi za mbali, hata wakagharimia mchezo wa kuigiza London mwaka wa 1993, ukala khasara. Fosfeti ikapungua, akiba ikayeyuka, na sehemu kubwa ya kisiwa ikabaki mawe matupu. Hawa wote waliweka akiba. Tofauti yao ni uaminifu na uwazi wa hesabu. Na Nabii Yusuf (A.S.) alipojitolea kusimamia khazina za Misri, alizitaja sifa zake mbili: kuhifadhi na kujua.

YATUPASAYO

Kwanza, tujue. Kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Kupata Khabari ya mwaka wa 2016, vimempa kila raia haki ya kuuliza Serikali khabari ilizo nazo. Basi waandikieni wenye mamlaka, kwa heshima na kwa maandishi: madini ya kiasi gani yalitoka, kwa bei gani, mrabaha ukawa ngapi, na fungu la wenyeji liko wapi. Atakayepata jawabu alisome msikitini baada ya sala, watu wote walisikie.

Pili, tujisafishe sisi wenyewe. Si dhuluma ya wakubwa peke yake ituangamizayo. Fungu la 10 likifika, litaingia mikononi mwa kamati za watu wetu: wazee wetu, maimamu wetu, wana wetu. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibnul Lutbiya kukusanya zaka, akarejea na kusema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari na kuuliza: lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Na kila mjumbe wa kamati, na kila imamu apokeaye magunia ya mchele katika Ramadhani toka kwa mwenye kutaka jambo, ajiulize swali hili kabla ya kulala. Imamu aliyekwisha kula mchele wa mtu hawezi kumuuliza mtu huyo mizani.

Tatu, tusingojee. Hapo hapo Kwale uko mlima wa Mrima, wenye niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa na dunia nzima, nao ni msitu wa kaya unaoheshimiwa na Wadigo. Mwaka wa 2013 Serikali iliifuta leseni ya kampuni moja katika mlima huo. Kampuni ikashitaki mbele ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na mwaka wa 2018 Kenya ikashinda, kwa kuwa leseni haikutolewa kwa kufuata sheria. Siku mlango huo utakapogongwa tena, watu wa Kwale wasikutwe wakiuliza, kama alivyouliza kijana wetu, baada ya kila kitu kwisha. Waulize mwanzo: nani ametia sahihi, kwa kiwango gani, nani atasimama kwenye mizani Likoni, na akiba ya watoto itakaa wapi.

Basi, ewe mwanetu wa Msambweni, hili ndilo jawabu letu. Mlichostahiki kilikuwa haki, na kilichobaki katika haki hiyo ni deni. Hesabu yake ataulizwa kwanza aliyepewa amana. Kisha aliyeiona ikipotea akanyamaza hali anajua. Kisha sisi wenye vilemba, ikiwa tuliwafundisha watu kushukuru tu na hatukuwafundisha kuuliza. Na wewe, mzee wetu uliyesema tumshukuru Mungu, umesema kweli. Lakini katika kumshukuru Mungu juu ya neema ni kuilinda isiliwe kwa batili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wenye mamlaka yetu katika kutekeleza amana, awape wenyeji wa Kwale badala iliyo njema kwa kilichowatoka, na atujaalie sisi tuwe katika wasemao haki bila ya jeuri, na wapokeao haki bila ya khiana. Wenye swali katika masuala haya watuletee darasani, au watuandikie, nasi kwa uwezo wa Mungu tutajibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.